Kamba ya Geti la Kijitoni

"Sipandi ukuta, Gill. Nakaa juu yake, nageuka, nashuka upande wa pili. Hata kuku anaweza."

"Kuku hana nyonga ya chuma," alijibu Gill bila kuacha kukwangua sufuria ya uji. "Na kuku akianguka sina haja ya kumpeleka hospitali."

"Nimepita ngazi zile za ukutani tangu utotoni. Nimezipita na mimba yako."

"Ulikuwa kijana, na nyonga zilikuwa zako mwenyewe. Daktari amesema usipande kitu mpaka vuli. Hata kiti."

"Daktari gani? Yule mtoto mwenye chunusi?"

"Ndiye huyo huyo aliyekutengeneza ukasimama. Nimesema hapana, Mama. Kunywa chai yako."

Bibi Enid hakunywa chai. Aligeuza uso dirishani, na ugomvi ukabaki jikoni kama harufu ya kitu kilichoungua. Mjukuu wake, Tilda, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, aliendelea kuuzungusha uji wake kwa kijiko. Kila asubuhi wiki hiyo mama yake na bibi yake walikuwa wameamka na ugomvi ule ule, na kila asubuhi Tilda alishindwa kumaliza uji.

Kutoka dirisha lile unaona bonde lote la Skelbeck: kuta za mawe zinazogawa mashamba, kijito katikati, na ng'ambo yake Msitu wa Hagg. Kila mwezi wa tano, chini ya miti ile huchanua maua madogo yenye umbo la kengele, mengi kiasi kwamba ardhi haionekani. Kwa mbali ni kama moshi wa buluu uliolala chini usitake kupaa. Hudumu siku chache tu. Mvua kubwa moja ikipiga, yamekwisha hadi mwaka mwingine.

Bibi Enid alikuwa hajakosa hata mwaka mmoja. Alipelekwa akiwa amebebwa mgongoni, akampeleka Gill kwenye kigari cha mtoto, kisha Tilda. Mwaka wa ugonjwa wa mifugo, njia zote zilipofungwa, alikwenda mpaka mwisho wa barabara akasimama pale kunusa, akarudi nyumbani. Mwaka huu, tangu alipotoka hospitali, alikuwa amekisogeza kiti chake dirishani, na swali lake Tilda akirudi kutoka shule lilikuwa moja tu.

"Yamefunguka?"

"Yamefunguka, Bibi."

"Yote?"

"Karibu yote."

Hapo Bibi huvuta blanketi magotini, akatazama ng'ambo.

Njia za kwenda Hagg ni mbili. Ya juu ni njia ya watu wote, na kisheria hakuna anayeweza kuifunga, lakini inapita juu ya kuta tatu, na kila ukuta una ngazi za mawe zilizochomoza, nyembamba, za kupanda kwa miguu mizuri. Ya chini ni tambarare, inafuata kijito, na hata kigari cha kutembelea cha Bibi chenye magurudumu manne kingepita. Lakini hiyo iko ndani ya shamba la Bwana Metcalf, na watu waliipita kwa hisani yake tu. Aliyeiomba ni mkewe, Nora, kwa ajili ya watoto wachanga na wenye magoti mabovu. Nora alifariki majira ya baridi mwaka juzi. Na sasa, tangu wiki ya Pasaka, njia ya chini ilikuwa imezibwa kwa seng'enge.

"Ukitaka wa kumkasirikia," alisema Gill akipangusa mikono, "mkasirikie aliyefunga geti la kijitoni, si mimi."

"Watu wa mahema," alisema Bibi kwa uchungu. "Wanakuja siku mbili, wanaharibu, wanaondoka. Sisi ndio tunabaki tunatazama dirishani."

Tilda alisukuma bakuli pembeni. "Nimeshiba," alisema.

"Umeshiba nini? Hujala," alisema mama yake.

Hakuwa ameshiba. Aliyefunga geti la kijitoni ni yeye.

Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, siku ya matembezi. Watu wa kijiji cha Askthorn, mvua isiponyesha, na mara nyingi hata ikinyesha, hula chakula cha mchana, huvaa mabuti na kutoka familia nzima, mbwa na watoto, wakazunguka bonde na kurudi kwa chai. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu na nyasi zilianza kukatika zikikanyagwa. Tilda alikuwa ametangulia. Mama yake alikuwa nyuma sana, amesimama na jirani wakizungumzia paa.

Pale kijitoni kuna geti linalotenganisha malisho na maji. Siku za ukame Bwana Metcalf hulifungua kabisa, akalifungia ukutani kwa kamba ya rangi ya machungwa, ili kondoo na watoto wao washuke kunywa. Kila mtoto wa bonde lile anajua: geti liache ulivyolikuta. Ukilikuta limefungwa, lifunge baada ya kupita. Ukilikuta wazi, liache wazi. Tilda alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Getini alikuta familia iliyopiga hema kwenye shamba la juu la Bwana Metcalf, watu wa jiji la Leicester, akina Sahota. Baba alikuwa anapiga picha. Binti yao, rika la Tilda, alikuwa amevaa mabuti mapya yasiyo na hata tone la tope.

"Samahani," yule binti aliuliza, "hili geti huwa linafungwa?"

Angeweza kujibu tu. Lakini baba na mama walikuwa wamegeuka kumsikiliza, watu wazima wawili wakimtazama kama mwenye shamba, na Tilda akajisikia mkubwa.

"Sasa je?" alisema. "Ninyi watu wa mjini ndivyo mlivyo. Mnapita, mnaacha mageti wazi. Kondoo wakitoka nani atawakimbiza, wewe na hayo mabuti yako?"

"Lakini tumelikuta limefungiwa ukutani. Kuna kamba."

"Unanifundisha? Mimi nimezaliwa hapa."

Akaifungua kamba, akalisukuma geti likagonga, akatia komeo. Yule baba akamwomba radhi. Mtu mzima akamwomba radhi, na Tilda akaipokea. Alikuwa amekwisha kujua kwamba amekosea. Alijua tangu kamba ilipokuwa mkononi. Alijiambia atarudi jioni kulifungua. Jioni kulikuwa na keki ya tangawizi na filamu, na kulala kukamkuta hajatoka nje.

Kesho yake jioni Bwana Metcalf aliwasikia kondoo wakilia. Walikuwa wamejazana getini, ndimi nje. Kondoo jike mmoja alikuwa amejaribu kuupanda ukuta ayafikie maji, mawe yakaporomoka naye. Alikutwa amekufa, na watoto wake pacha wakihangaika kunyonya. Bwana Metcalf alikwenda moja kwa moja kwenye hema la akina Sahota, maana ndio waliokuwa wameonekana kijitoni. Aliyowaambia yalisikika mpaka barabarani. Usiku haujaingia hema lilikuwa limekunjwa. Asubuhi iliyofuata seng'enge ikawekwa, na ubao: NJIA IMEFUNGWA.

Tangu siku hiyo Tilda alikuwa akitafuta namna ya kumfikisha Bibi msituni bila kusema neno. Aliyapiga picha maua kwa simu ya mama yake, picha nyingi, za karibu na za mbali. Bibi alizitazama zote kwa adabu, akarudisha simu.

"Nzuri," alisema. "Lakini simu hainuki."

Sasa, Jumamosi hii, redio ilikuwa imetangaza mvua na upepo kwa usiku. Ndiyo maana Bibi alikuwa tayari kupanda kuta. Tilda alimsikia mama yake akipanda ghorofani kutandika vitanda kwa kelele zisizohitajika. Alichukua mtungi wa jamu uliooshwa, akatia maji, akatoka kimya kimya kwa mlango wa nyuma.

Alipita njia ya juu, kuta zote tatu, akaingia msituni. Harufu ilimpokea kabla ya rangi: tamu, baridi kidogo, kama asali iliyowekwa kisimani. Kule Askthorn maua yale hayachumwi. Hakuna anayekukataza, hayachumi tu mtu yeyote, kama vile hakuna anayeongea kwa sauti kanisani. Tilda alitazama nyuma. Kisha akapiga magoti akachuma mkono mzima, mashina yakimtoka ute vidoleni.

Alikimbia njia nzima. Alipofika ngazi ya mwisho, vichwa vya maua vilikuwa vimeanza kuinama. Alipofika nyumbani vilikuwa vimelegea kama mboga ya jana.

Bibi alipokea mtungi kwa mikono miwili. Alisogeza pua. Alikaa hivyo muda, kisha akauweka mtungi dirishani taratibu.

"Umechuma," alisema. Hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba.

"Nilitaka unuse, Bibi."

"Najua, mwanangu. Lakini hayanuki yakiwa peke yake. Yananuka yakiwa pamoja, pale chini, na majani yaliyooza na maji." Alimshika Tilda kidole chenye ute. "Isitoshe, sikuyataka yaje kwangu. Nataka mimi niende. Nikae hapa nikiletewa vitu, nimekuwa nini, mfalme? Nataka miguu yangu inifikishe. Mwaka huu hasa. Nilipokuwa kwenye kitanda cha hospitali, wenzangu wanahesabu siku za kurudi nyumbani, mimi nilikuwa naitembea ile njia kichwani. Hatua kwa hatua. Getini, darajani, msituni. Kila siku."

Macho yake yalikuwa ng'ambo.

"Labda mwakani," alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachosema.

Tilda alisimama pale na mikono yake ya ute. Mama yake alikuwa ameshuka, yuko mlangoni na foronya begani.

"Ni mimi," alisema Tilda.

"Nini ni wewe?" aliuliza Gill.

"Geti. Si akina Sahota. Nilifungua kamba, nikalifunga. Yule binti aliniambia kuna kamba, nikamwambia anyamaze. Nilijua, Mama. Nilijua kabisa."

Gill alivuta foronya begani, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani.

"Umelijua hilo tangu Pasaka," alisema.

"Ndiyo."

"Umekaa hapa kila asubuhi ukitusikiliza tukigombana."

"Ndiyo."

"Haya. Vaa mabuti."

"Sasa hivi?"

"Unataka lini, Krismasi?"

"Na mimi koti langu," alisema Bibi.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Mpaka shambani kwa Alan Metcalf ni barabara ya lami, Gill. Daktari wako hakukataza lami."

Walikwenda hivyo, Gill mbele kwa hatua ndefu, Bibi na kigari chake kikilia kwi kwi, Tilda katikati. Bwana Metcalf walimkuta zizini amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mzee mrefu mwenye kofia ya kitambaa, akiwanyonyesha chupa wanakondoo wawili. Tilda aliwatambua bila kuambiwa. Walikuwa wale pacha.

"Enid," alisema Bwana Metcalf. "Wamekufungulia?"

"Nimetoroka. Msikilize huyu mtoto, Alan."

Tilda alisema yote. Alianza kwa sauti ndogo, mama yake akamwambia, "Sema asikie," akaanza tena. Alieleza kamba, mabuti mapya, jinsi yule baba alivyomwomba radhi. Hakuiacha hata keki ya tangawizi. Bwana Metcalf hakuinua uso. Wanakondoo walivuta chupa mpaka zikabaki hewa tupu.

"Wewe ni mtoto wa hapa," alisema mwishowe. "Kamba yangu ulikuwa hujui maana yake?"

"Nilijua. Nilitaka wanione najua zaidi yao."

"Hm." Alipangusa mdomo wa mwanakondoo mmoja kwa kidole gumba. "Mama wa hawa alikuwa na miaka tisa. Kondoo mwenye akili. Alikuwa akinifuata kama mbwa."

"Samahani, Bwana Metcalf."

"Samahani yako nimeisikia. Lakini yule bwana nilimwambia maneno ambayo hata mbwa wangu sijawahi kumwambia. Mbele ya mkewe na mtoto wake." Alisimama, magoti yakalia. "Sasa samahani mbili zinatakiwa, na moja ni yangu. Namba yake ninayo, alinipigia alipotaka nafasi ya hema. Kwanza simu. Mengine baadaye."

Alitoa simu ya zamani yenye vitufe vikubwa, akabonyeza polepole kwa kidole kimoja. Tilda alitamani isipokelewe. Ilipokelewa.

"Bwana Sahota? Metcalf hapa, wa Skelbeck. Usikate, tafadhali. Nilikosea. Geti halikuwa lako, na hata lingekuwa lako sikupaswa kukusemesha vile. Kuna mtu hapa ana la kukuambia."

Simu ilikuwa na joto na ilinuka maziwa. Tilda alisema tena yote, mara ya tatu siku hiyo, na hii ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, maana hakuona uso wa anayemsikiliza.

Kisha Bwana Sahota akasema, "Binti yangu alituambia garini. Alisema, yule msichana amefungua kamba. Nikamwambia, yule amezaliwa pale, wewe unajua nini. Sikumwamini mtoto wangu mwenyewe." Akavuta pumzi. "Ngoja. Mwambie yeye, si mimi."

Ikaja sauti ya msichana. "Ndiyo?"

"Ulikuwa sahihi kuhusu kamba," alisema Tilda. "Nilikudharau kwa sababu ya mabuti yako. Nisamehe."

"Yameshachafuka," alisema yule binti. Kisha akauliza, "Kondoo wengine wako salama?"

"Wako salama. Hawa wawili wanakunywa chupa."

"Haya," alisema, na simu ikarudi kwa baba yake, naye akamwambia Bwana Metcalf kwamba kuhusu kurudi watafikiri. Hakuahidi. Bwana Metcalf akasema anaelewa.

Wingu lilikuwa limeanza kukusanyika nyuma ya mlima. Bibi Enid aliliona, wote walimwona akiliona. Alishika tu mipini ya kigari chake na kutazama upande wa kijito.

"Njia ile ilikuwa ya Nora," alisema Bwana Metcalf, kama aliyeulizwa. "Kila Mei alikuwa akisimama pale darajani, anawahesabu watu wanaopita na vigari, anafurahi kama amewazaa yeye. Seng'enge ile niliiweka kwa hasira ya kondoo. Lakini nilipomaliza kuikaza nilijisikia vizuri. Nikasema, sasa hakuna atakayeniuliza kama nami nakwenda."

"Hujaenda tangu afariki," alisema Bibi.

"Sijaenda."

"Basi umeifunga ili usiipite wewe, Alan. Mimi nikawa nimekwama ndani ya hasira yako na uongo wa mjukuu wangu. Na nyonga."

Bwana Metcalf aliangalia mabuti yake. Kisha akaingia bandani, ukasikika mlio wa vyuma vikipekuliwa, akatoka na koleo la kukatia waya. Akamkabidhi Tilda.

"Utakata wewe. Vaa glovu hizi. Na kila asubuhi kabla ya shule, mpaka mvua irudi vizuri, utapita kuangalia kwamba geti la kijitoni liko wazi na kamba yake imekaza. Jioni utakuja kuwanyonyesha hawa. Usiku wa kuamkia Jumatatu usiniambie una filamu."

"Sitasema."

"Atakuja," alisema Gill. "Nitamtoa mwenyewe kitandani."

Walishuka hadi mwanzo wa njia ya chini. Seng'enge ilikuwa nene na koleo lilikuwa kubwa kwa mikono ya Tilda. Uzi wa kwanza ulikatika kwa kishindo ukajikunja kama nyoka. Gill alisimama karibu naye, akizikanyaga ncha zisimrukie, akazungumza bila kumtazama, kwa sauti yake ile ile ya kupanga vyombo.

"Nisikilize, maana sitalirudia. Kulifunga geti ilikuwa kosa la dakika moja. Kila mtu hufanya ya dakika moja, hata mimi. Ungerudi jioni ile ukasema, kondoo wangekunywa, na huyu mzee asingewafukuza watu wasio na hatia. Lakini kila asubuhi uliyoamka ukanyamaza, umelifunga tena geti lile. Kunyamaza huko ndiko kulikoua kondoo na kumweka bibi yako dirishani. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Na leo umelifungua. Hilo nalo nimeliona. Kata huo wa chini."

Uzi wa mwisho ulikatika. Bwana Metcalf aliung'oa ubao, akauegemeza ukutani, maandishi yakitazama mawe. Njia ilikuwa pale, imeota nyasi kidogo, ikifuata maji mpaka kwenye geti lililo wazi, na ng'ambo yake ule moshi wa buluu.

Bibi Enid hakungoja kuambiwa. Alisukuma kigari juu ya nyasi, magurudumu yakayumba, akayaweka sawa. Alikwenda hatua kadhaa, akasimama. Upepo ulikuwa unatoka msituni. Alifumba macho akavuta pumzi ndefu, na mabega yake, yaliyokuwa juu tangu majira ya baridi, yakashuka.

Tone la kwanza la mvua likaanguka mkononi mwa Tilda.

"Mama, mvua," alisema Gill.

"Naiona. Nimekaa ndani siku zote kavu kama biskuti, acha ninyeshewe." Aligeuka. Bwana Metcalf alikuwa bado upande wa huku wa nguzo, kofia mkononi. "Alan. Unakuja, au tukupigie picha kwa simu?"

Mzee akaivaa kofia yake, akapita katikati ya nguzo mbili, akawafuata.